Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: "rangi ya dhahabu" si kipimo cha tarumbeta

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: UNUNUZI WA SETI YA PILI YA MATARUMBETA YA BENDI YA SHULE

Salaam. Nimesikia kwenye kikao cha kata kwamba kabla mwaka wa fedha haujaisha, halmashauri itanunua seti nyingine ya matarumbeta kwa ajili ya bendi ya shule zetu, kwa kuwa ile ya kwanza "imeharibiwa na wanafunzi". Maneno hayo matatu ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Mimi ni mpiga tarumbeta. Jumamosi utanikuta nyuma ya kirikuu, natangulia msafara wa harusi. Siku nyingine niko barazani kwangu natengeneza vyombo vya bendi za makanisa na za mitaani. Kulehemu nilifundishwa na fundi wa rejeta, mengine nimejifunza kwa kuharibu vya kwangu.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu aliniita stoo kuona kama kuna cha kuokoa. Vyombo 24, umri wake miaka mitatu. Vinavyolia ni saba.

Nilianza na tarumbeta lililoonekana zima kuliko mengine. Valvu ya tatu, yaani kitufe cha tatu cha kubonyeza kwa kidole, ilikuwa imekwama chini. Nikafungua kifuniko cha chini, nikaisukuma polepole kwa mpini wa mwiko uliofungwa kitambaa, ikatoka. Pistoni, yaani ule mchi unaopanda na kushuka ndani ya valvu, ilikuwa imebambuka kama yai la kuchemsha lililoanza kumenywa, na chini ya ganda ni shaba tupu yenye michubuko. Ganda lile ni nikeli iliyopakwa, tena iliyopakwa kwa uchoyo. Vipande vyake ndivyo vilivyokuwa vikisaga ukuta wa ndani kila mtoto alipobonyeza. Pistoni na nyumba yake hupishana kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Nafasi hiyo ikipanuka, hewa inavuja, na mtoto anapuliza mpaka mishipa ya shingo inamtoka huku sauti ikitoka kama ya mgonjwa. Hakuna fundi wa kuirudisha kwa msasa. Mmoja alijaribu, nimekuta kazi yake humo stoo: pistoni mbili zinacheza ndani ya nyumba zake kama mchi kwenye kinu.

Chombo cha pili nilikipasha moto kwenye kiungo kimoja ili nilehemu upya. Lehemu ilipoyeyuka tu, bomba likaruka upande kwa upana wa kidole. Maana yake ni kwamba kiwandani mabomba hayakukaa sawa. Yakalazimishwa, yakashikiliwa, yakalehemiwa yakiwa yanavutana. Kiungo cha namna hiyo kinasubiri siku yake tu, na siku yake ni gwaride la juani au kugongwa kidogo na dawati. Kimoja kilipofumuka, shule ilikipeleka kwa mchomeleaji wa mageti. Alikiunga kwa moto mkali hadi shaba ikaungua na kulainika, ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea. Simlaumu, kazi yake ni mageti.

Nisiwatetee watoto kupita kiasi. Kuna tarumbeta ambalo kipande cha kuwekea mdomo kilinasa, mtu akachukua plaizi akazungusha, na bomba la mbele likajisokota kama nguo inayokamuliwa. Kuna valvu zilizotiwa mafuta ya nazi, yakaganda. Mafuta ya cherehani yangekuwa afadhali mara mia. Na mabomba mengi hayajawahi kuoshwa. Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na mate yakikaa humo yanaila zinki kutoka ndani, hadi nje kunatokea madoa ya rangi ya waridi. Ukiona madoa hayo bomba limeshaoza. Hata tarumbeta la bei kubwa huoza hivyo lisipooshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sembuse lenye bomba jembamba, tena kwenye hewa yetu ya chumvi. Lakini nani aliwafundisha? Vyombo vilishushwa kwenye gari, vikapigwa picha, vikakabidhiwa. Hata chupa moja ya mafuta ya valvu haikuwemo kwenye maboksi.

Na hapa nina la kukiri. Siku ya makabidhiano nilikuwepo, bendi yetu ndiyo iliyotumbuiza. Nilishika tromboni moja, lile tarumbeta refu lenye mrija wa kuvuta badala ya valvu, nikavuta mrija wake, ukakwaruza kama mchanga chini ya kiatu. Nikairudisha mahali pake nikanyamaza, kwa sababu posho ilikuwa bado haijatoka.

Baadaye nilionyeshwa nakala ya maelezo ya zabuni ile. Kwenye mstari wa tarumbeta iliandikwa: rangi ya dhahabu, ubora mzuri. Basi. Rangi ya dhahabu ni vanishi tu, Ndugu Mkurugenzi, jasho la mikono linaitoa. Mzabuni aliyeleta chombo cha bei ya chini kabisa hakuvunja neno hata moja la karatasi yenu, na kamati ya mapokezi ilihesabu 24, ikakuta 24, ikasaini.

Safari hii andikeni pistoni ziwe za chuma kisichoshika kutu au za moneli, ambayo ni mchanganyiko wa nikeli na shaba usiobambuka kwa kuwa hauna ganda. Andikeni jina la kiwanda na namba ya chombo, maana nilivyovikuta stoo vingine havina hata alama, na kisicho na alama huwezi kukiagizia spring wala felti, yaani vile vipande vya kitambaa kizito ndani ya valvu. Hizo felti, pamoja na vipande vya gome laini kama la kizibo cha chupa, ndizo zinazoweka tundu la pistoni lilingane na tundu la bomba. Zikilika, chombo kizima kinapoteza sauti kwa kitu cha bei ya soda. Mimi mwenyewe nimeziba kitundu cha kutolea mate kwa kipande cha kandambili, na kimedumu, ila hiyo si njia ya kuendesha bendi ya halmashauri.

Na kwenye kamati ya mapokezi wekeni mtu anayepuliza. Si lazima awe mimi. Akivuta mrija mmoja wa valvu bila kubonyeza, kisha akabonyeza, atasikia "po!" Isiposikika, hewa inavuja. Tromboni ishikwe wima, mrija ufunguliwe: unatakiwa kushuka wenyewe kwa uzito wake, awepo wa kuudaka chini. Vyombo vyote 24 visingewachukua hata nusu siku.

Najua swali la afisa ununuzi: fedha. Kwa bei ya tarumbeta moja la mwanafunzi la kiwanda chenye jina unapata matano ya yale, pengine zaidi. Basi nunueni vyombo vinne. Vinne vinatosha kuanza wimbo wa Taifa na kuumaliza, na watoto wapokezane. Hivi sasa mna 24 kwenye leja na saba vinavyolia, na kati ya hivyo saba, viwili navipa uhai hadi Nanenane tu.

Naomba pia ile taarifa inayosema wanafunzi ndio walioharibu isomwe upya kabla haijawekwa kwenye faili. Kuna mtoto wa kidato cha pili alizuiwa kujiunga tena na bendi kwa sababu ya tarumbeta lililofumuka mikononi mwake. Ni lile la bomba lililoruka.

Ile pistoni iliyobambuka nimeiweka kwenye kopo la kahawa pale barazani, pamoja na maganda yake. Siku za kazi nipo kuanzia saa tatu asubuhi, mwalimu mkuu anapajua kwangu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi wa matarumbeta