Barua kwa sahibu yangu wa Unguja

Oslo

Sahibu yangu,

Waalaykum salaam. Barua yako imefika, na nimefurahi kusikia Bi Mkubwa ameshaanza kutembea bila bakora. Huku sote wazima, ila baridi imeanza na jua linazama kabla hata ya saa kumi jioni.

Umeniuliza habari za yule mzee wa kofia nyekundu uliyeiona picha yake, kisha ukaongeza, kwa kejeli zako zile zile, kwamba tajiri hatoi, hubadilisha mfuko tu. Kwa huyu nakupinga, japo si kwa kila kitu.

Jina lake Olav Thon. Alizaliwa Juni 1923 huko Ål, bonde la Hallingdal, kwa wazazi wakulima, akafariki Novemba 2024 akiwa na miaka 101. Wajerumani walipoivamia Norwei mwaka 1940 alikuwa kijana wa miaka 16. Alianza kwa kuuza ngozi, za mbweha hasa, na vita vilipokwisha akaingia kwenye majumba. Karata yake kubwa ilikuwa Karl Johans gate, barabara kuu ya Oslo inayopanda hadi kasri ya mfalme. Wewe uliyekulia Darajani unajua maana ya kushika duka mahali ambapo kila mtu lazima apite. Alinunua, akapangisha, na alichokishika hakuwa na pupa ya kukiuza.

Baadaye zikaja hoteli. Kwa miaka mingi ziliitwa Rainbow, mpaka 2005 zilipopewa jina lake, Thon Hotels. Zikaja na zile jumba za maduka, mfano Strømmen Storsenter nje kidogo ya Oslo. Hapa ndipo sifa zinapungua. Jumba za aina hiyo ziliwanyang'anya wateja wenye maduka wa katikati ya miji, hadi mwaka 1999 serikali ikasimamisha kwa muda ujenzi wa mpya nje ya miji. Halikuwa kosa la Thon peke yake, lakini alinufaika nazo kuliko wengi.

Ile kofia ya sufu haikuwa ya picha tu. Mzee alipenda milima na kuteleza kwenye theluji, akavaa hivyo hivyo, kofia na koti la mlimani, mtu mwenye mabilioni. Wanorwei wanampenda tajiri asiyejionyesha, na mimi nashuku kofia ile ilimletea wateja zaidi ya tangazo lolote. Na utacheka: akiwa ameshapita miaka 90, baada ya kufiwa na mkewe, alioa tena.

Sasa tuje kwenye ubishi wetu. Mwishoni mwa 2013, akiwa na miaka 90 na hana mtoto, aliziondoa hisa zake mkononi na kuziweka wakfu: Olav Thon Stiftelsen. Thamani yake ilikadiriwa kuwa kroner, fedha ya huku, bilioni 25 hivi. Wewe huhitaji kuelezwa jambo hili. Mali inabaki pale pale, kampuni inaendelea na kazi, na pato ndilo linalogawiwa. Fungu kubwa linakwenda kwa watafiti wa tiba na sayansi, na, hili ndilo lililonifurahisha mimi mtoto wa mwalimu, kwa wahadhiri wanaofundisha vizuri. Wangapi wanamtuza mtu kwa kufundisha tu?

Utasema amekwepa kodi. Basi sikiliza: kodi ya mirathi ilifutwa Norwei kuanzia Januari 2014. Kama shida yake ingekuwa hiyo, angengoja kidogo tu. Iliyobaki ni kodi ya utajiri, ile inayotozwa kila mwaka kwa mali aliyonayo mtu. Wapo matajiri waliohamia Uswisi, kama Kjell Inge Røkke aliyekwenda Lugano mwaka 2022. Thon alibaki. Nakupa nusu ya hoja, kwa kuwa wakfu wa hisani hautozwi kodi hiyo, na mzee hakuuachia usukani wa kampuni siku ile ile. Lakini bilioni 25 zilitoka kwenye jina lake na haziwezi kurudi. Huko si kubadilisha mfuko.

Kinachonipa wasiwasi mimi ni wasimamizi. Aliyeweka wakfu akishafariki, nani atawauliza? Hapa kuna mamlaka ya serikali inayozikagua taasisi za namna hii, makao yake Førde, magharibi ya nchi, na hesabu lazima zifungwe kila mwaka. Kwetu ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, lakini wewe ndiye uliye karibu nayo, nieleze inavyofanya kazi siku hizi. Na ile nyumba aliyoiacha babu yako, kodi ya wapangaji inapokewa na nani sasa? Madrasa bado inapata fungu lake?

Nisalimie nyumba nzima. Bi Mkubwa mwambie kitenge chake kimenunuliwa lakini hakijapata msafiri.

Ni mimi sahibu yako