Kwa Zuhura: nani aseme ndani ya filamu

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na wanao wote. Kipande cha filamu ulichonitumia nimekitazama, na tatizo lako nimelielewa: mfadhili anataka sauti ya msimulizi ieleze kila kitu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wewe unataka wale kina mama wa mwani wa Paje wasikike wenyewe. Ugomvi huo ni wa zamani. Waingereza walikuwa nao tangu kabla ya Vita vya Pili, na kwa kuwa siku hizi watoto wakilala ndizo filamu ninazokesha nazo, ngoja nikupe habari zake.

Mtu wa kuanza naye ni John Grierson, Mskoti aliyeanzisha kikosi cha filamu ndani ya serikali, ambacho mwaka 1933 kilihamishiwa Posta. Ndiyo, Posta ya barua na simu! Vijana wake walitumia fedha za umma kupiga picha za wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa treni ya barua. Wengi wao walikuwa wasomi waliotoka nyumba zenye nafasi, hawajawahi kushika sururu, na makabwela waliwapenda kama mtu wa barazani anavyoipenda bahari. Kwenye filamu zao nyingi mfanyakazi anaonekana mikono na mgongo, halafu maneno anasemewa na msomi.

Mwaka 1935 likatokea jambo jingine. Kampuni za gesi zililipia filamu iitwayo Housing Problems, kwa sababu nyumba mpya zingeleta wateja wapya wa gesi, na watengenezaji wakaenda Stepney, mashariki mwa London, kwenye vibanda vinavyobomoka. Safari hii wenyeji waliachiwa waseme. Wanasimama mbele ya kamera, wamevaa nguo zao nzuri, wanaeleza habari za panya na kuta zinazomomonyoka. Aliyewatoa woga ni Ruby Grierson, dada yake John, ambaye aliwaambia kamera ni yenu na kipaza sauti ni chenu, waambieni hao jinsi mnavyoishi. (Alitumia tusi, silirudii hapa.) Jina lake watu wanalitaja kwa nadra. Septemba 1940 alikuwa ndani ya meli City of Benares akipiga filamu ya watoto wanaohamishiwa Kanada kukimbia mabomu, Wajerumani wakaizamisha. Watoto wahamishwa 77 walikufa, na yeye pia.

Wakati huo London inapigwa kila usiku. Kikosi cha Posta kikawa chini ya Wizara ya Habari, na baadaye kikapewa jina jipya, Crown Film Unit. Harry Watt na Humphrey Jennings wakatengeneza London Can Take It!, filamu ya dakika chache tu, na msimulizi wake ni Mmarekani, mwandishi wa habari Quentin Reynolds. Hapo utaona mfadhili wako anatoka wapi. Watu wa London wapo kwenye picha, wanalala chini, asubuhi wanafagia vioo, lakini hawasemi. Anayesema ni mgeni, kwa sababu walengwa walikuwa Wamarekani ambao bado hawajaingia vitani, na wangemwamini mwenzao zaidi. Anawahakikishia kwamba hakuona hofu wala kukata tamaa. Imetengenezwa kwa ustadi, siwezi kusema uongo. Ila mwezi huohuo wa Septemba mabomu yalipoanza, watu wa Stepney wakiongozwa na diwani Mkomunisti Phil Piratin waliingia hoteli ya Savoy kudai nafasi kwenye handaki la matajiri. Na stesheni za treni za chini ya ardhi, serikali mwanzoni haikutaka watu walale humo. Walikata tiketi, wakashuka, wakakataa kutoka. Hayo msimulizi hayataji.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo ninapotaka ufike. Mwaka 1942 huyo Jennings, mchoraji na mshairi, pamoja na mhariri wake Stewart McAllister, walitoa Listen to Britain. Dakika ishirini hivi, na msimulizi hayumo! Kuna dansi Blackpool, wanajeshi wa Kanada wanaimba kwenye treni, wasichana wa kiwandani wanafuatisha wimbo wa redio huku mashine zinanguruma. Wachekeshaji Flanagan na Allen wanaimba kwenye kantini ya wafanyakazi, na kabla wimbo haujatulia masikioni uko National Gallery, jumba la picha za kuchora la London, Myra Hess anapiga Mozart kwenye piano, na malkia amekaa miongoni mwa wasikilizaji. Picha zenyewe za jumba hilo zimeshapelekwa kufichwa. Hakuna anayekuambia kabwela na malkia wako vita moja; sauti imekupitisha mlango ulio kati yao kabla hujauona. Ni propaganda, usidanganyike, lakini ni propaganda inayomwachia mtazamaji akili yake. Hata hivyo filamu ikabandikiwa hotuba ya utangulizi ya Mkanada mmoja, Leonard Brockington. Ukiitazama, iruke.

Mwaka uliofuata Jennings akatoa Fires Were Started, ya wazimamoto. Moto ule waliuwasha wenyewe kwa ajili ya kamera, lakini watu ni wazimamoto kweli, mmoja wao dereva wa teksi, Fred Griffiths, ambaye baadaye aligeuka mwigizaji. Kwangu mimi hiyo ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu ya ile saa ya kungoja kabla kengele haijalia, wanapiga piano na kutaniana. Kina mama wako nao wana saa hiyo, wakingoja maji yatoke. Usiikate.

Ninalotaka umwonyeshe mfadhili ni hili. Wizara ileile iliyomwamini kabwela wa London asikilize bila kuelezwa, ilikuwa na kikosi kingine tangu 1939, Colonial Film Unit, kwa ajili yetu sisi. Mkuu wake, William Sellers, alikuwa ameshika kwamba Mwafrika haelewi filamu za kawaida: picha ziende polepole, zisirukeruke, mambo yafuatane moja baada ya jingine. Na pembeni ya gari la sinema anasimama mtu na kipaza sauti, anaeleza kwa lugha ya wenyeji. Huyo simlaumu, namwonea wivu! Nani wa Wizara angejua alichokuwa anasema? Nikiwasikia hawa wa siku hizi wanaotafsiri filamu za Kihindi mabandani na kuongeza vituko vyao, namkumbuka yeye.

Wewe uko mjini, Nyaraka za Kilimani ziko karibu. Siku ukipita, niulizie kama wana barua au ripoti zozote za magari hayo ya sinema, hasa zinazotaja hao waliokuwa wakieleza. Majina yao nayataka sana.

Nisalimie mama na wote nyumbani.

Wako,
Rehema