Banda la chuma huamuliwa chini, kabla ya nguzo kusimama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumze na wakulima wenzangu wanaokusudia kujijengea wenyewe banda la fremu za chuma, liwe la kuwekea mashine, la kuhifadhi majani makavu au la kulaza mifugo. Langu nililijenga kwa mikono yangu nikisaidiwa na watu wawili, na sijutii hata siku moja niliyoitumia. Hata hivyo, kila anayekuja kulitazama huniuliza jinsi nguzo zilivyosimamishwa na jinsi makombamoyo yalivyopandishwa. Bado hajatokea aliyeniuliza juu ya siku zile ndefu tulizoshinda na kamba, vigingi na tepu ya chuma kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa, ilhali ni siku hizo zilizoamua iwapo banda lingefungika au lisingefungika.

Fundi wa mbao akikosea kwa sentimita mbili hukata, huongeza kipande, au huigonga nguzo kwa nyundo hadi ikae. Fremu ya chuma hutoka kiwandani ikiwa imekwisha kukatwa na kutobolewa, na tundu la milimita 22 linalopokea bolti ya milimita 20 limebakiza milimita mbili tu za kumezea makosa yetu. Kosa la upimaji, kwa hiyo, haliishii ardhini. Hupanda pamoja na nguzo, likaingia kwenye viungo vya juu, likafika kwenye mgongo wa paa, na mwisho huonekana na kila mpita njia pale mabati yanapokataa kukaa sambamba na ukingo.

Tuchukue mfano wa banda lenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 9, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi: pembe zake zikiwa za mraba, umbali kutoka kona hadi kona iliyo mkabala nayo ni mita 15 kamili. Hii ni kanuni ile ile ya 3, 4 na 5 tuliyoisoma shuleni, kila tarakimu ikiwa imezidishwa mara tatu. Wengi huitumia kwa kuchora pembetatu ndogo ya sentimita 60, 80 na 100 kwenye kona moja, kisha wakairefusha kamba kwa imani. Kosa la milimita mbili katika mkono wa sentimita 60 huwa milimita 30 kamba inapofika mita 9, na milimita 40 inapofika mita 12. Ndiyo maana nasisitiza kwamba pembetatu iwe kubwa kadiri uwanja unavyoruhusu, na kwamba baada ya hapo vipimo vyote viwili vya kona kwa kona vichukuliwe. Vipimo hivyo hufichua kosa kuliko jicho, kwa sababu upande mmoja mrefu ukiteleza kwa sentimita 5 kufuata urefu wake, kimoja huongezeka kwa takriban sentimita 4 na kingine hupungua kwa kiasi hicho hicho, hata tofauti unayoisoma kwenye tepu ikawa sentimita 8. Lakini pande zote nne lazima zihakikiwe kwanza, maana hata umbo ambalo upande wake wa mbele ni mpana kuliko wa nyuma laweza kutoa vipimo viwili vya kona kwa kona vilivyo sawa.

Kamba zisifungwe kwenye vigingi vya kona zenyewe, kwa kuwa vitang'oka mara uchimbaji utakapoanza. Zifungwe kwenye mbao zilizopigiliwa mita moja na nusu au mbili nje ya mstari wa jengo, kila kamba na msumari wake, ili iweze kufunguliwa wakati wa kuchimba na kurudishwa pale pale wakati wa kumwaga zege. Nafasi za nguzo nazo zipimwe zote kutoka mwanzo mmoja, yaani 0, 4, 8 na 12, tepu ikiwa imenyooshwa mara moja tu. Anayepima mita 4, akahamisha tepu, akapima tena mita 4, huilimbikizia nguzo ya mwisho makosa ya nguzo zote zilizoitangulia.

Pamoja na uangalifu wote huo, kosa lililokaribia kuniharibia kazi lilitokana na kusoma mchoro. Mchoro ulisema upana ni mita 9, nami nikauchukua kuwa ni umbali kutoka katikati ya nguzo moja hadi katikati ya nguzo ya pili, kumbe ulikuwa umbali kutoka uso wa nje hadi uso wa nje. Nguzo zangu zina kina cha sentimita 20, hivyo kila mstari ulikuwa umetoka nje kwa sentimita 10 na upana mzima ulikuwa umezidi kwa sentimita 20, na mashimo yalikwisha kuchimbwa. Kilichoniokoa ni jambo ambalo sasa ningemsihi kila mkulima alifanye bila kungoja apatwe na shaka: tulivilaza vipande vyote vya fremu moja, yaani nguzo mbili na makombamoyo yake mawili, juu ya magogo yaliyosawazishwa, tukavifunga kwa bolti kama vitakavyokuwa vikisimama, kisha tukapima kutoka katikati ya matundu ya kitako kimoja, lile bamba la chini ya nguzo, hadi katikati ya matundu ya kitako cha pili. Tepu ikasoma mita 8.8. Tulizisogeza kamba, umbali wa kona kwa kona ukawa takriban mita 14.88 badala ya 15, na tukapanua mashimo kwa kazi ya nusu siku. Lau zege lingekuwa limemwagwa, nusu siku hiyo ingekuwa wiki kadhaa.

Kuhusu usawa wa msingi sitasema mengi: mpira wa maji unaopitisha mwanga hautakudanganya, mradi hakuna kiputo cha hewa ndani yake, haukukunjika popote, na ncha zake zote mbili ziko wazi wakati wa kusoma.

Bolti za msingi, zile zinazozamishwa kwenye zege ili kuishika nguzo, zinataka maneno zaidi. Zishikiliwe na kiolezo cha ubao kilichotobolewa kwa kufuata bamba la kitako lenyewe, wala si vipimo vya karatasini, na kila bolti iwe na nati juu na chini ya kiolezo hicho. Kiolezo nacho kipigiliwe kwenye mbao zinazoegemea ardhi ngumu, nje ya shimo. Zege ni zito, na linapomwagwa husukuma kila kilicho mbele yake. Kundi moja la bolti zangu lilisogea milimita 15 tulipokuwa tukishindilia, na hatukuligundua hadi asubuhi iliyofuata. Nilishauriwa nipanue matundu ya bamba kwa moto wa gesi. Nilikataa, kwa sababu tundu lililopanuliwa ovyo huiacha nguzo icheze chini ya washa, kile kibati cha duara kinachokaa chini ya nati, na tukauvunja msingi ule na kuumwaga upya. Mwenzangu anaweza kujiepusha na adha hiyo kwa kuizungushia sehemu ya juu ya kila bolti mrija kabla ya kumwaga zege, ili bolti iweze kusogezwa kidogo baadaye, kisha nafasi hiyo ijazwe saruji ya majimaji pamoja na ule uwazi wa milimita 25 hadi 40 unaoachwa chini ya bamba kwa ajili ya kusawazisha nguzo. Nyuzi za bolti zifungwe utepe, kwani zege likikauka juu yake nati haitapanda.

Wako wanaopunguza ukubwa wa misingi kwa hoja kwamba fremu za chuma ni nyepesi. Wepesi huo ndio unaoleta hatari. Banda lililo wazi upande mmoja huingiwa na upepo unaolisukuma paa kutoka ndani, huku upepo unaopita juu ukilivuta kutoka nje, na kinacholizuia banda lisinyanyuke ni uzito wa zege lililoko chini ya nguzo: mita moja ya ujazo ina takriban tani 2.4. Ukubwa wa misingi hutegemea udongo, upepo wa mahali na umbo la banda, na hesabu hiyo ifanywe na mhandisi. Ninapotetea kujijengea, natetea kazi ya mikono. Mahesabu ya nguvu na vibali vya ujenzi vibaki kwa wanaohusika navyo.

Zege likishapata angalau siku saba likimwagiliwa maji, ingawa nguvu yake kamili huhesabiwa kwa siku 28, ndipo kazi ya kusimamisha inapoanza, na hapa lipo jambo moja la kufa na kupona. Fremu moja iliyosimama peke yake ina nguvu upande wa upana tu, na kwa upande wa urefu wa banda huweza kuanguka kama kitabu kilichosimamishwa mezani. Kwa hiyo fremu mbili za kwanza ziwe zile zinazounganishwa na vyuma vya mshazari. Kila moja ishikiliwe kwa kamba za waya pande zote mbili hadi vyuma hivyo, vya ukutani na vya paani, vifungwe pamoja na pau za kati, ndipo fremu ya tatu iegemezwe kwenye boksi hilo lililokwisha kuwa imara. Usiku usiingie fremu ikiwa haina mshazari wala waya. Bolti zote ziwekwe kwenye matundu yake na kushikwa kwa spana, lakini zisikazwe kabisa hadi nguzo zihakikiwe kwa timazi. Upepo ukiitikisa timazi, izamishwe ndani ya ndoo ya maji, nayo itatulia.

Uzito nao ujulikane kabla ya kuinua. Chuma cha kilo 25 kwa mita hufanya nguzo ya mita 4 kuwa na kilo 100, na makombamoyo mawili ya banda la upana niliotaja, yakiwa yameunganishwa kileleni, huzidi kilo 230. Mzigo huo unataka mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya kuinua, na asiwepo mtu chini yake. Nyaya za umeme zinazopita juu ya uwanja zikaguliwe siku ya kupima, wakati ambapo banda bado laweza kuhamishwa.

Mabati yaanzie upande ambao upepo haujii, ili kila bati linalofuata lilalie lililotangulia na maungio yaupe upepo kisogo, wala yasipandishwe siku yenye upepo mkali. Mabati ya kupitisha mwanga yasikanyagwe kamwe, hata yakiwa mapya, kwa sababu yanapofunikwa na vumbi hayatofautiki na mengine, na watu wamepoteza maisha kwa kuyapitia. Kila hatua juu ya paa iwe juu ya upau, au juu ya ubao uliolazwa kutoka upau hadi upau.

Nina ombi kwa wanaouza fremu hizi. Mchoro wa msingi useme waziwazi kila kipimo kinaanzia wapi na kuishia wapi, iwe ni katikati ya bolti, uso wa nguzo au uso wa bati. Kila kipande kiandikwe uzito wake kwa rangi isiyofutika, na kila seti ya bolti ije na kiolezo chake kilichotobolewa na mashine ile ile iliyotoboa mabamba ya vitako. Tena mpangilio wa kusimamisha, ukianza na fremu mbili zenye vyuma vya mshazari, uchapishwe kwenye ukurasa wa kwanza wa michoro, kwa kuwa mimi wangu niliukuta kwenye ukurasa wa mwisho, baada ya fremu ya kwanza kuwa imekwisha kusimama.

Wako,
Mkulima na msomaji wa gazeti hili