Risala ya Walimu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Zawadi: Fimbo Ina Daftari, Sifa Haina

Ndugu mgeni rasmi,

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Shule, Afisa Elimu Kata, wazazi na walezi mlioziacha korosho chini ya miti kuja kutusikiliza, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokaa juani tangu saa mbili: itifaki imezingatiwa. Shikamooni wakubwa.

Kwanza, karibu nyumbani. Watoto hawa hawajui, lakini sisi tunajua kwamba ulisomea darasa lile la pembeni ya mwembe, enzi hizo madirisha yake yakiwa matundu tu, na leo una duka la vipuri Mtwara mjini. Kwa miaka mitatu mfululizo umetuletea baiskeli kwa mwanafunzi anayeongoza darasa la sita. Binti aliyepata ile ya kwanza yuko kidato cha pili na anaipanda kila siku kwenda shule. Mnyororo umekatika mara mbili, na mara zote mbili fundi wa hapa sokoni ameuunga bure.

Tumeanza na shukrani hiyo kwa makusudi. Tutakayosema mbele yanaihusu baiskeli, na hatupendi tuonekane watu wa kupokea kwa mikono miwili kisha tukanung'unika.

Ndugu mgeni rasmi, shida ya baiskeli ni kwamba ni moja. Ikifika mwezi wa sita darasa zima linajua ni ya nani: ama ya huyu, ama ya yule. Waliobaki, themanini na kitu, wanageuka washangiliaji wa mechi isiyowahusu. Mwezi wa tisa nilimuuliza mmoja wao kwa nini siku hizi hamalizi mazoezi ya hisabati kama zamani. Akanijibu, tena bila ufidhuli wowote, "Mwalimu, baiskeli si ina wenyewe?"

Sikuwa na jibu. Ila swali lake lilikuta tayari kuna jambo tulilolianza ofisini, na ndilo hasa tunaloomba kukueleza leo.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, avitoe Mwalimu Mkuu au mwalimu aliyepewa idhini yake, na kila mara liandikwe kwenye daftari maalumu: jina la mtoto, kosa lake, idadi ya viboko na nani kavitoa. Daftari hilo lipo kabatini. Januari mwaka huu, kwenye kikao cha kufungua shule, mwalimu wetu wa darasa la kwanza akauliza: mtoto akifanya vizuri, tunaandika wapi? Tukatazamana. Fimbo ina daftari lake, sifa haina.

Kwa fedha ya chai tukanunua kauntabuku ya kwaya mbili, tukaandika juu yake "Daftari la Hongera". Masharti yake ni mafupi. Andika jina, tarehe, na kitu alichokifanya mtoto, kitu unachoweza kukigusa kwa kidole kwenye daftari lake au uwanjani. "Ana akili" hairuhusiwi. "Ni mtoto mzuri" hairuhusiwi.

Nisifiche: tulianza vibaya. Mwisho wa Februari tulilifungua kulihesabu, na kwa darasa la tatu lenye watoto 96 tulikuta majina kumi na moja tu, yote ya vipanga walewale. Walimu watu wazima, wenye vyeti, tulikuwa tumewapa sifa wale ambao tayari walikuwa wameshiba sifa. Tangu hapo kila Ijumaa tunaliweka daftari kando ya rejista ya mahudhurio. Jina ambalo mwezi mzima halijaonekana, mwalimu wa darasa anapewa kazi ya kumtazama mtoto huyo wiki nzima. Siyo kumtungia sifa. Kumtazama tu. Mara nyingi tunachokikosa ni macho, sifa zenyewe zipo.

Kuna kijana mmoja wa darasa hilohilo la tatu ambaye mwaka mzima uliopita aliandika "ngombe". Ile alama ndogo ya juu haikumwingia kabisa. Siku moja mwezi wa tatu, kwenye imla, akaandika ng'ombe, ng'ambo, kung'oa na king'ora, yote sawasawa. Mwalimu akaweka vema zake kwa kalamu nyekundu, kisha chini akaandika: "Leo umeandika ng' mara nne bila kukosea, hata kwenye king'ora."

Kesho yake saa moja na nusu asubuhi bibi yake alikuwa mlangoni mwa ofisi, daftari kalikunja ndani ya kanga. "Mwalimu, kakosa nini tena?" Hajui kusoma, na kwa nyumba ile maneno marefu ya kalamu nyekundu yalikuwa na maana moja tu. Kijana alimwambia kwamba ni sifa, bibi hakumwamini, akamchapa. Tukamsomea. Akaomba asomewe tena, polepole. Ameturuhusu tulisimulie hili mbele yenu, na tunamshukuru, maana sisi ndio tuliomfundisha bibi yule kwamba mwalimu haandiki ila kwa ubaya.

Ndugu mgeni rasmi, mimi mwenyewe mwaka jana nilijaribu njia ya mkato: pipi. Anayejibu swali, pipi moja. Wiki ya kwanza mikono ilikuwa msitu. Wiki ya tatu wananiuliza kabla sijafungua kitabu, "Mwalimu, leo pipi zipo?" Pakiti ilipoisha, na mikono ikaisha. Nilipaswa kukumbuka niliyosoma chuoni. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu watoto wa chekechea Marekani waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Wengine waliahidiwa cheti chenye utepe kama watachora, wengine wakapewa cheti hichohicho bila kuahidiwa, wengine hawakupewa kitu. Siku kadhaa baadaye, wale walioahidiwa walichora kwa muda unaokaribia nusu tu ya wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hamu yao haikupungua.

Kuna watakaosema mbona "goli la Mama" limefanya kazi. Ni kweli, mwaka 2023 Rais Samia alitangaza shilingi milioni tano kwa kila goli la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, na tulishangilia wote, hata sisi tusio na timu. Lakini wale walikuwa tayari wanaujua mpira na wanalipwa mshahara kuucheza. Mtoto wa darasa la pili bado anatafuta kama kusoma kuna utamu wowote. Ukiuweka utamu kwenye pipi, ataufuata kwenye pipi.

Na maneno nayo yana namna yake. Sisi huku tumezoea: "huyu kichwa", "huyu kipanga", na wenzake wakibaki vilaza. Wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa akili baada ya kushinda mtihani rahisi, wengi wao walichagua maswali mepesi ili wasiipoteze sifa, na walipokutana na magumu wakaporomoka. Waliosifiwa juhudi walitaka magumu zaidi. Kipanga naye, kumbe, tunamtia woga.

Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora. Sisi siku kama ya leo bado tulikuwa tunasoma nafasi kuanzia wa kwanza hadi wa 96, mzazi wa huyo wa 96 akiwa amekaa hapo na kilemba chake kipya. Leo hatutasoma. Kila mzazi atapewa ripoti ya mwanawe mkononi.

Kuhusu walimu nitapita haraka, nisije nikaonekana nawaombea bahasha. Jaribio la KiuFunza, lililofanywa na shirika la Twaweza mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10, lilionyesha kwamba ruzuku ya shule peke yake haikuwapandisha watoto kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Walipanda pale ruzuku ilipoandamana na motisha ya mwalimu kwa kila mtoto aliyefaulu. Afisa Elimu Kata amesikia, inatosha.

Ndugu mgeni rasmi, baiskeli ya mwaka huu tumeiona kwenye keria ya gari lako na mwenyewe atakabidhiwa. Ombi letu ni la mwakani. Fedha ya baiskeli hiyo itununulie madaftari, kalamu na mikebe ya hisabati, vikae kabatini bila kutangazwa, tuwe tunavitoa mwaka mzima kwa watoto walioandikwa kwenye Daftari la Hongera. Tunaomba pia usiwaahidi leo. Tunajua ni vigumu kusimama mbele ya watoto bila kuahidi kitu.

Ombi la pili ni la sasa hivi. Kabla ya baiskeli, tunakuletea daftari lenyewe hapo meza kuu. Tumeweka utepe kwenye ukurasa wenye majina kumi na manne ya mwaka huu, na mbele ya kila jina alichokifanya. Hatujamwambia mtu, hata wenye majina. Tunaomba uwasomee wewe, kwa sauti yako. Mstari wa nne una ng' nyingi, tafadhali usiuharakishe.

Naomba kuwasilisha.