Risala ya Watanzania Waishio Würzburg kwa Mgeni Rasmi, Abasia ya Münsterschwarzach

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Baba Abate. Waheshimiwa mapadre na mabruda. Ndugu zetu wote: Tumsifu Yesu Kristo.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali kuwa mgeni wetu rasmi, ingawa mwenye nyumba ni wewe na waliobisha hodi ni sisi.

Baba Abate, sisi ni Watanzania tunaoishi Würzburg, mji wa Ujerumani wenye udugu na Mwanza tangu mwaka 1966, pamoja na vijiji vya jirani. Wengi wetu tumezoea kuiona minara minne ya kanisa lenu tukiwa barabarani, na leo tumeingia ndani, tukasali Masifu ya Mchana pamoja nanyi na kutembezwa katika karakana, duka la vitabu na shule.

Katika matembezi hayo tumejifunza kwamba wamonaki Wabenediktini walikaa hapa tangu karne ya 9, na kwamba katika karne ya 18 walijengewa kanisa kubwa na msanifu mashuhuri Balthasar Neumann. Mwaka 1803 serikali ya Bavaria ilizitaifisha nyumba za watawa, wamonaki wakatawanyika, mali ikauzwa; mwaka 1810 radi ikalipiga kanisa, na katika miaka ya 1820 likabomolewa lisibaki jiwe juu ya jiwe. Kwa miaka 110 hapakuwa na mmonaki aliyeimba zaburi mahali hapa.

Walioirudishia abasia hii uhai wake mwaka 1913 ni Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia, shirika lililoundwa kwa ajili ya misheni na ambalo lilikuwa limekwisha kufika kwetu: Pugu mwaka 1888, Peramiho mwaka 1898, Ndanda mwaka 1906. Kwa maneno mengine, nyumba hii ya kale ilifufuliwa na watu ambao macho yao yalikuwa yakitazama Afrika Mashariki, na ndiyo maana hatuoni kwamba tumekuja kutalii.

Uhusiano huo haukuwa wa furaha tupu, nasi tungekuwa tunapaka rangi ukuta wenye nyufa kama tungeunyamazia. Misheni ya Pugu ilivamiwa mwaka 1889. Katika vita vya Maji Maji Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa mwaka 1905, Peramiho ikachomwa moto. Kwa upande wetu, machifu na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa Songea mwaka 1906, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Watoto wetu wanapaswa kuyasikia yote mawili, tena kwa pamoja.

Nanyi pia mmeonja kufukuzwa. Kanisa tulilosali leo, kazi ya msanifu Albert Boßlet, lilikamilika mwaka 1938. Miaka mitatu baadaye utawala wa Wanazi uliifunga abasia, na wamonaki hawakurejea hadi vita vilipokwisha mwaka 1945. Tangu hapo mmeendelea kuwatuma ndugu Peramiho na Ndanda, ambako hospitali, shule na mitambo ya uchapaji imewalea wazazi wetu, na leo Hanga, karibu na Songea, pana abasia ya wamonaki Watanzania wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. Kwanza, tunaomba ruhusa ya kurekodi, kwa Kiswahili, kumbukumbu za wamonaki wazee waliotumikia Tanzania, kwa kuwa wengine bado wanakizungumza vizuri kuliko watoto wetu waliozaliwa huku. Pili, tunaomba kila mwaka Misa moja iimbwe hapa kwa Kiswahili. Kwaya tunayo, ngoma tunazo, na kayamba hazitakosekana.

Tunaomba kuwasilisha.