Mkisifu gemu mpya, tajeni mashine mliyoijaribia

Ndugu Mhariri,

Habari za gemu mpya magazetini hutaja tarehe, bei na uzuri wa picha. Mashine iliyotumika kuijaribu hutajwa kwa nadra, na hapo ndipo wanunuzi wanapoumia.

Gemu ya Cyberpunk 2077 ilitangazwa na kampuni ya CD Projekt ya Poland Mei 2012. Mwaka 2020 pekee iliahirishwa mara tatu, kutoka Aprili 16 hadi Septemba 17, kisha Novemba 19, mwishowe Desemba 10. Nakala milioni 8 zilikuwa zimeshalipiwa kabla haijatoka. Wahakiki walipewa mapema toleo la kompyuta tu, wakalisifu, na kwenye kompyuta yenye nguvu lilistahili sifa nyingi. Wenye PS4 ya Sony na Xbox One ya Microsoft, mashine za gemu za nyumbani, wakanunua kwa sifa zisizowahusu.

PS4 ya kawaida ni mashine ya 2013: prosesa (ubongo wa mashine) ya GHz 1.6, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 8 inayotumiwa pia na picha, na diski ya ndani ya kuhifadhia gemu, inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Mji wa gemu ile haupakiwi wote kwa pamoja, husomwa kwenye diski hiyo ya ndani kadiri mchezaji anavyosogea. Ukikimbiza gari, diski inazidiwa: kuta zinabaki na ukungu, watu wanachomoza ghafla mbele yako. Prosesa nayo ikielemewa, idadi ya picha zinazoonyeshwa hushuka chini ya 20 kwa sekunde. Kufunga SSD, hifadhi yenye kasi isiyozunguka, kunasaidia kuta na kupunguza kusubiri, lakini hakuongezi nguvu ya prosesa, hivyo kukwamakwama kunabaki. Kompyuta nazo hazikusalimika. Sevu, yaani faili linalohifadhi ulipofikia, ikizidi MB 8, kwa kukusanya au kutengeneza vitu vingi, iliharibika isirudi, hadi sasisho la 1.06.

Sony iliiondoa gemu hiyo kwenye duka lake la mtandaoni Desemba hiyo hiyo, ikairudisha Juni 21, 2021. Sasisho la 2.0 la Septemba 2023, lililoibadilisha kwelikweli, halikuletwa PS4.

Hili linamhusu anayenunua leo diski ya gemu hiyo iliyokwisha kutumika. Diski za mwanzo za PS4 bila intaneti zinaweka toleo lile lile bovu; masasisho yanataka bando kubwa, na hata hayo hayafiki 2.0.

Tunaomba waandishi wenu wataje mashine waliyojaribia, picha kwa sekunde, na kama diski ya gemu inachezeka kabla ya kupakua chochote. Wasipopewa toleo la PS4, waandike hivyo waziwazi.

Msomaji,
Dar es Salaam