Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga: mwenye diploma aanzie wapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mhandisi wa matengenezo ya ndege mwenye leseni, na sehemu ya kazi yangu ni kuwasimamia vijana wanaokuja karakanani kujifunza. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo hili linawagusa pia wazazi waliolipa ada na vyuo vilivyoipokea.

Kijana akihitimu diploma ya uhandisi wa ndege hudhani kilichobaki ni kutuma maombi ya kazi. Kumbe diploma peke yake haimruhusu kusaini chochote. Ndege iliyotengenezwa hairudi angani mpaka mwenye idhini aithibitishe kwa saini yake, na leseni inayofungua njia hiyo haitolewi na chuo, inatoka ofisini kwako. Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ule mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinamtaka mwombaji awe ametimiza miaka 18, afaulu mitihani, na awe na uzoefu wa miaka 4 wa kukagua, kuhudumia na kutengeneza ndege. Aliyemaliza mafunzo yaliyoidhinishwa na mamlaka ya anga anaweza kukubaliwa kwa uzoefu wa miaka 2 tu.

Sasa, chuo kinaweza kuwa na usajili wote wa elimu na bado kisiwe na idhini ya mamlaka ya anga. Mwanafunzi huja kulijua hilo akiwa na cheti mkononi, na safari yake imeshaongezeka miaka miwili. Orodha ya vyuo vyenye idhini ingetangazwa wazi kabla ya kila msimu wa udahili, wengi wangeepuka balaa hili. Ni kazi ya ukurasa mmoja.

Hata huo uzoefu wenyewe unapatikana kwa taabu. Hivi karibuni nilipitia kitabu cha kumbukumbu za kazi cha binti mmoja mwenye diploma. Kila mstari unadai tarehe, usajili wa ndege, kazi iliyofanyika na saini ya msimamizi. Alikuwa amebadilisha magurudumu na kufunga kwenye boliti waya wa usalama, ule unaozizuia zisilegee. Nilimpa boliti mbili anioneshe: waya aliuelekeza upande wa kukaza, si wa kulegeza, jambo ambalo wanaoanza hulikosea sana. Mikono anayo. Lakini mistari mingi haikuwa na saini, kwa sababu karakana aliyotoka ilimchukulia kama mgeni wa kupita. Mbele ya watahini wako, kazi ile ni kama haikufanyika.

Halafu kuna matangazo ya kazi yanayodai shahada hata pale isipohitajika. Sioni mantiki. Kutunza ndege kunahitaji mtu anayesoma mwongozo wa mtengenezaji na kuufuata bila kujiongeza, na diploma nzuri inamfundisha hivyo hasa. Tena nafasi si za spana tu. Kuna avioniki (mifumo ya elektroniki ya ndege), stoo ya vipuri, upangaji wa matengenezo, ukarabati wa kompositi (sehemu za ndege zilizoundwa kwa nyuzi na gundi ngumu), ukaguzi wa nyufa kwa mawimbi ya sauti, na sasa droni. Mimi ningewasukuma wengi zaidi kwenye kumbukumbu za kiufundi, idara inayodharauliwa bila sababu. Diski ya injini, ile inayoshikilia mapanga yanayozunguka, ina ukomo wa mizunguko, yaani idadi ya safari inazoruhusiwa kutumika, na hesabu hiyo hutunzwa kwenye kumbukumbu. Historia yake ikipotea haifungwi tena kwenye injini, hata ikiwa inang'aa na haina ufa. Anayezilinda karatasi hizo analinda mali na roho za watu.

Ninachokuomba kimo ndani ya uwezo wako. Wakaguzi wako wanapokuja kuhuisha idhini ya karakana, waulize ina wanagenzi wangapi na nani anawasainia vitabu vyao. Jibu likiwa "hakuna", liandikwe kwenye ripoti. Pia itazame ngazi A ya leseni za Ulaya: aliyepitia kozi iliyoidhinishwa anaihitimu kwa uzoefu wa mwaka 1, kisha karakana inaweza kumpa idhini ya kusaini kazi ndogo ndogo alizofanya mwenyewe. Kwa mwenye diploma, ngazi hiyo ingekuwa ajira halisi wakati anaendelea kuitafuta leseni kamili.

Ukiitisha kikao cha wenye karakana na wakuu wa vyuo juu ya hili, nitahudhuria, na vitabu vya vijana hawa nitawaomba waje navyo.

Wako katika kazi,
Mhandisi wa matengenezo ya ndege